Mama Fundi Anajibu: Sili Yako Inaguswa na Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na picha za sili, hasa oringi, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji: zilizopasuka, zilizovimba, zilizobaki bapa kama utepe. Na karibu zote zinauliza swali lilelile, mpira upi ni bora kuliko yote? Nimefungua na kufunga pampu, vali na kompresa kwa miaka 29, na swali hilo silijibu mpaka nielezwe mpira unaguswa na nini, kwa joto gani, kwa presha gani, na mashine ikisimama kunatokea nini. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu hawaniandikii, na mara nyingi ndilo lenye jibu. Nimechagua barua sita.

Oringi ya bei kubwa imekufa kabla ya ile ya bei ndogo

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha vinywaji. Pampu zetu zilikuwa na oringi za mpira wa EPDM, zinadumu kama mwaka mmoja. Bosi alitaka zidumu zaidi, tukaagiza za mpira wa Viton kwa sababu katalogi inasema zinavumilia nyuzi 200, wakati EPDM inaishia 150. Wiki ya tano zimekuwa ngumu, zina nyufa, na mbili zimekatika mkononi nilipozitoa. Mabomba tunayasafisha kila usiku kwa kostiki soda ya nyuzi 85, halafu tunapitisha mvuke wa nyuzi 130. Bosi anasema tumeuziwa bandia. Ni kweli? Nitajuaje?*

Marahaba mwanangu. Nimeikuza picha yako mpaka nikaona nyufa zilivyokaa: ndogondogo, nyingi, zote upande ule unaotazama ndani ya bomba. Upande uliolala kwenye chuma bado unang'aa. Hiyo ni kazi ya kemikali, na Viton halisi kabisa ingekufa hivyohivyo. Kinywaji hakijazigusa vibaya oringi zako. Zimeuawa usiku, wakati wa kusafisha.

Viton ni jina la biashara. Lilitoka Marekani kwa kampuni ya DuPont mwaka 1957, na mpira wenyewe kwenye katalogi huandikwa FKM, yaani mpira wenye florini. Kwa mafuta ya moto, petroli na asidi nyingi ni mpira mzuri sana, nami nauheshimu. Lakini ndani ya mnyororo wa molekuli zake kuna mahali ambapo haidrojeni na florini zimekaa jirani. Besi kali, yaani kinyume cha asidi, kama kostiki soda, inazing'oa hizo mbili kwa pamoja, na pale zilipong'oka kinabaki kiungo maradufu ambacho kiko tayari kushikana na chochote kilicho karibu. Mnyororo unashikana na mnyororo mwenzake, mpira unakakamaa, na ukikakamaa hauwezi tena kufuata mtikisiko wa pampu. Unapasuka. Mvuke nao unaharakisha mambo, hasa kwa FKM ya kawaida iliyopikwa (yaani minyororo yake imeunganishwa kiwandani) kwa kemikali ya bisfenoli, kwa sababu upishi huo hutumia oksidi za metali ambazo huvuta maji.

Ile namba 200 kwenye katalogi ni ya kweli, ila ni ya hewa kavu ya moto. Haisemi lolote kuhusu mvuke wala kostiki. Nakusihi, kila unapoona kiwango cha joto kwenye katalogi, uliza hapohapo: joto hili lilipimwa ndani ya nini?

Rudi kwenye EPDM. Inapenda maji ya moto, mvuke na besi. Ila ukiagiza, usiandike EPDM peke yake. Andika EPDM iliyopikwa kwa peroksidi. Ile iliyopikwa kwa salfa ni rahisi kutengeneza, lakini viungo vya salfa vinalegea kwenye joto na mpira unalala. Kulala ndiko huku: oringi iliingia ikiwa mviringo, inatoka ina mabapa mawili, juu na chini, na haiinuki tena. Maabara hulipima jambo hili kwa kuubana mpira, mara nyingi asilimia 25 ya unene wake, kuuweka kwenye joto kwa muda uliotajwa, kisha kuuachia na kuona ni sehemu gani ya mbano huo haikurudi. Mwombe muuzaji namba hiyo, kwa joto lako na kwa muda mrefu. Kipimo cha saa 22 hakikuambii kitu kuhusu mwaka mzima. Na mwambie bosi kwamba EPDM iliyodumu mwaka kwenye mvuke wa kila usiku ilikuwa inafanya kazi yake vizuri.

Kuna jambo moja hukuniambia. Kama mnatengeneza kinywaji chenye mafuta ya maganda ya machungwa au ndimu, EPDM itavimba, maana mafuta hayo na mpira huo ni wa asili moja na hupendana. Hapo usikisie. Chukua oringi tatu za kila aina unayoifikiria, zipime uzito na unene, zitumbukize kwenye kinywaji chenyewe kwa joto la kazi kwa saa 168, yaani wiki nzima, uzipime tena. Nyingine tatu ziweke kwenye kostiki yenu. Mpira ulioongezeka ujazo kwa asilimia 5 au 10 ukiwa kwenye mfereji wake, yaani mchongo wa chuma unamokaa, pasipo kitu kinachosogea, sina neno nao. Ukiongezeka asilimia 30, au ukipungua, uache. Kupungua kunanitia hofu kuliko kuvimba, kwa sababu sili iliyonyweka haibani tena. Mpira unaoweza kushinda pande zote mbili ni FKM iliyopikwa kwa peroksidi ya daraja linalostahimili besi, au FEPM, ndugu yake FKM anayevumilia mvuke na besi vizuri zaidi. Jaribio la wiki moja ndilo litakalosema.

Sasa kuhusu bandia. Rangi isikudanganye: nyeusi, kahawia, kijani, zote ni rangi tu iliyochanganywa, na mpira wowote unaweza kupewa rangi yoyote. Kuna njia unayoweza kuifanya mezani kwa mizani ya miligramu. Funga oringi kwa uzi mwembamba, ipime ikining'inia hewani. Kisha weka bilauri ya maji chini yake, yenye tone la sabuni ili vipovu visiing'ang'anie, na uipime ikiwa imezama yote bila kugusa bilauri. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya uzito wa hewani na wa majini. Oringi yenye gramu 7.40 hewani na 3.40 majini inakupa 1.85, na hiyo ni FKM. Yenye gramu 4.50 hewani na 0.90 majini inakupa 1.25, na hiyo haiwezi kuwa FKM hata kama pakiti imeandikwa kwa dhahabu. Njia hii haitakutenganishia nitraili, mpira uliozoeleka kwa kazi za mafuta, na EPDM, kwa kuwa uzito wao unakaribiana. Hao watenganishe kwa mafuta ya injini: loweka kipande siku mbili mahali pa joto, EPDM itavimba mpaka uione kwa jicho, nitraili itabaki karibu vilevile.

Na kabla hujafunga oringi mpya, angalia grisi unayopaka. Nilipokuwa na mwaka wa tatu kazini nilipewa pampu ya maji ya moto yenye oringi za EPDM nane. Nilizipaka grisi ya kawaida ya beringi ili ziingie kwa urahisi, nikajisifu jinsi zilivyoteleza. Siku tisa baadaye pampu ilivuja pande zote. Nilipoifungua, oringi zilikuwa zimetoka nje ya mifereji, laini mno, moja ndefu kuliko nyingine. Hakuna kilichoingia kutoka nje. Nilikuwa nimeziwekea sumu kwa kidole changu. Kikulacho ki nguoni mwako. EPDM ipake grisi ya silikoni, au ya gilikoli inayokubaliwa kwenye vinywaji. Na sili ya silikoni usiipake grisi ya silikoni, itavimba kwa sababu ileile ya asili moja.

Malengelenge ndani ya mpira

*Habari za kazi mama. Sisi tuna kompresa ya gesi yenye kabonidioksidi nyingi, presha bari 180, joto halipiti nyuzi 90. Oringi za FKM hazivuji hata kidogo kompresa ikiwa inazunguka. Zinavuja tukiizima, tukashusha presha, tukawasha tena. Tukifungua tunakuta malengelenge juu ya mpira, na nyingine zimepasuka. Muuzaji anasema kuna kemikali ngeni kwenye gesi. Mimi naona kila kitu kiko ndani ya viwango.*

Salama mwanangu, na uko sahihi kuona kila kitu kiko ndani ya viwango. Tatizo lako halimo kwenye kiwango, limo kwenye mwendo.

Kata oringi moja iliyoharibika kwa wembe mpya, mkato mmoja, bila kusokota, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona uso wa mkato una nyufa ambazo nyingi hazifiki nje, zimeanzia katikati na kuenea kama miale. Kemikali hula mpira kutoka nje kuingia ndani. Huu umepasuliwa kutoka ndani kwenda nje.

Mpira si ukuta mzima. Gesi inayeyuka ndani yake polepole, saa kwa saa, kama inavyoyeyuka kwenye soda. Kwa bari 180 oringi yako imejaa gesi mpaka katikati, na haionyeshi dalili yoyote, kwa sababu presha ya ndani na ya nje ni sawa. Unapofungua vali ukashusha presha kwa dakika chache, gesi iliyo nje inaondoka, iliyo ndani haijapata njia. Inajikusanya pale penye udhaifu mdogo, chembe ya vumbi au donge la masizi ambalo halikuchanganyika vizuri, inatanuka, na mpira unachanika. Ni sawa na mzamiaji anayepanda juu haraka mno. Kabonidioksidi ni mbaya zaidi kwa sababu inayeyuka kwa wingi kwenye mpira, na FKM inaipokea kwa ukarimu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako halihusu mpira. Nani anafungua vali ya kushushia presha, na kwa haraka gani? Kama mnashusha haraka kwa sababu zamu inaisha, hakuna mpira nitakaokutajia utakaofuta hilo moja kwa moja. Shusheni kwa hatua, simameni njiani, mpeni mpira nafasi ya kupumua. Bora zaidi ikiwa bado una joto, kwa sababu gesi inatoka kwa kasi zaidi kwenye mpira wa moto. Ingawa mpira wa moto pia huchanika upesi, kwa hiyo polepole ndilo neno la kushika.

Ukishalirekebisha hilo, njoo kwenye mpira. Chagua ulio mgumu, wa 90 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A badala ya ule laini wa 70, kwa sababu unahimili kuchanika. Chagua oringi nyembamba kadiri mfereji unavyoruhusu: gesi ina safari fupi ya kutoka. Kisha agiza daraja lililotengenezwa kwa kazi hii, la HNBR au la FKM. HNBR ni nitraili iliyoongezwa haidrojeni ili isizeeke upesi, inafika karibu nyuzi 150, na ni ngumu kuchanika. Kwa nyuzi 90 zako ningeanza nayo. Ulizia ripoti ya majaribio kwa kiwango cha ISO 23936-2 au NORSOK M-710. Katika majaribio hayo oringi hujazwa gesi chini ya presha, presha hushushwa, hurudiwa mara kadhaa, kisha oringi hukatwa na nyufa zake kuhesabiwa na kupewa alama. Usiridhike na neno *imefaulu*. Soma ilifaulu kwa gesi gani, joto gani, presha gani, na kwa unene gani wa oringi. Ripoti ya oringi nyembamba haikulindi wewe unayefunga nene.

Na kwa bari 180, ikiwa mwanya kati ya chuma na chuma si mdogo sana, weka pete ya kuegemea ya PTFE, yaani Teflon, upande usio na presha. Nimeona mafundi wakilaumu malengelenge, kumbe nusu ya uharibifu ni mpira uliosukumwa kwenye mwanya na kung'atwa. Ukiona ukingo mmoja wa oringi umemegekamegeka kama umetafunwa, ni hilo.

Inavuja alfajiri, inakauka saa nne

*Shikamoo mama. Mashine yetu ya haidroliki iko nje, mahali ambapo alfajiri baridi hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kila asubuhi silinda zinatoa mafuta. Ikifika saa nne zinakauka zenyewe. Tumebadilisha sili mara tatu, zilezile za FKM. Katalogi inasema zinafaa mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo tuko ndani. Mafuta ni ya madini ya kawaida, joto la kazi nyuzi 70.*

Marahaba. Barua hii nimeisoma mara mbili, kwa sababu kuna jambo kuhusu sili na baridi ambalo siwezi kulipita haraka.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kiliruka kutoka Florida, Marekani, kwenye asubuhi ya nyuzi 2 hivi. Sekunde 73 baadaye kilivunjika angani, na watu wote saba waliokuwemo wakafa. Chanzo kilikuwa kiungo cha roketi ya kulia, na ndani ya kiungo hicho oringi za FKM, mpira wa jamii ya huo wako. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia kuhusu baridi. Mwezi uliofuata, mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira uleule, akakibana kwa kibano kidogo, akakitumbukiza kwenye bilauri ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukifungulia, mpira ulibaki umebonyea kwa sekunde kadhaa. Haukuwa umevunjika, haukuwa na kasoro ambayo ungeiona kwa macho. Ulikuwa umechelewa kurudi, basi.

Hicho ndicho kinachotokea kwenye silinda zako. Sili haizuii mafuta kwa kuwepo tu mahali pake. Inayazuia kwa kusukuma chuma wakati wote, na kukifuata kinaposogea. Kwenye baridi molekuli zake zinapunguza mwendo, inakuwa kama ngozi kavu. Jua likipanda inalainika na kuamka. Uvujaji unaokoma wenyewe kwa joto ni dalili ya baridi karibu kila mara, na kubadilisha sili kwa nyingine ya aina ileile ni kupoteza sili nzima.

Ile namba ya katalogi inaweza kuwa ya jaribio la kukunja mpira na kuona kama utavunjika. Kutovunjika si kuziba. Omba namba inayoitwa TR10: mpira unavutwa, unagandishwa, kisha unapashwa taratibu, na joto ambalo umerudi kwa asilimia 10 ndilo linaloandikwa. Kwa FKM ya kawaida ni karibu nyuzi 17 chini ya sifuri. Wewe uko 18. Tena presha inaongeza tatizo: kwa kila bari 50 hivi, kikomo cha baridi kinapanda kwa takriban nyuzi 1. Kama silinda zinaanza na bari 200, umepoteza nyuzi 4 nyingine.

Kwa mafuta ya madini na nyuzi 70 huhitaji FKM hata kidogo. Tumia nitraili yenye akrilonitraili kidogo, ile sehemu yake inayokataa mafuta, ya kazi za baridi, inayofika nyuzi 40 chini ya sifuri au karibu na hapo. Akrilonitraili ikipungua, mpira unavumilia baridi zaidi lakini unavimba zaidi kwenye mafuta, kwa hiyo fanya lile jaribio la wiki moja nililomweleza mwenzako hapo juu, kwa mafuta yenu. Kama siku moja joto litapanda kupita 100, kuna FKM za baridi zinazofika TR10 ya 30 au 40 chini ya sifuri.

Jaribio la Feynman nawe unaweza kulifanya. Bana kipande cha sili kwa kibano, kiache usiku kwenye friza, kifungulie palepale, uhesabu sekunde.

Nifunge FFKM kila mahali?

*Mama, uongozi umechoka na kusimama kwa mitambo. Wameniuliza kama tununue FFKM kwa pampu zote ili tusifikirie tena habari za sili. Tuna viyeyushi, asidi, mvuke, kila kitu.*

Hapana mwanangu, na usiwaache waamini kwamba kuna mpira unaoondoa kufikiri. FFKM ni mpira ambao haidrojeni yote kwenye uti wake imebadilishwa kwa florini, kwa hiyo kostiki haipati cha kung'oa, asetoni ambayo inaiyeyushia FKM heshima yake haiigusi, na daraja nyingine zinafika nyuzi 320 hivi. Mahali pa asetoni ya moto au mchanganyiko wa viyeyushi, ifunge, hakuna mwenzake.

Lakini angalia mambo matatu. Kwenye baridi ni dhaifu, nyingi zinaanza kukakamaa hata kabla ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Daraja zake hazilingani: ile iliyopikwa kwa ajili ya joto kali kabisa mara nyingi ndiyo isiyopenda mvuke na amini (kemikali za jamii ya amonia), kwa hiyo hata ndani ya FFKM bado utaulizwa inaguswa na nini. Na inatanuka sana kwa joto. Mpira wowote hutanuka mara kumi au zaidi kuliko chuma, na FFKM inazidi wenzake wengi. Ukiifunga kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya nitraili, ikipata moto inaujaza mfereji, haina pa kwenda, inajisukuma kwenye mwanya na kujikata. Oringi baridi ijaze mfereji asilimia 75 hivi, na ikiwa moto na imevimba isipite 85.

Kaa na orodha ya pampu zako. Nadhani utakuta chache sana zinazoihitaji kwa kweli, na kwa maji ya moto na mvuke utairudia EPDM.

Sili za stoo

*Shikamoo mama. Nimekuta stoo oringi za nitraili zimetundikwa msumarini, hakuna anayejua za mwaka gani. Nizitumie?*

Marahaba. Usizitumie. Kiwango cha ISO 2230 kinaipa nitraili miaka 7 ya kwanza stoo, FKM, EPDM na silikoni miaka 10, na muda huo unaweza kuongezwa baada ya kukaguliwa, lakini ni kwa sili iliyokaa kwenye pakiti yake, gizani, chini ya nyuzi 25, mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni. Zako zimening'inia, maana yake pale msumari ulipozishika zimevutika kwa miaka. Vuta moja kidogo kwa vidole chini ya taa, utaziona nyufa za ozoni zimekatiza mvuto.

Baada ya moto

*Mama, pampu ya mafuta ya moto iliungua wiki iliyopita. Kesho tunaifungua. Kuna utelezi mweusi unaonata mahali pa sili. Tuufute kwa nini?*

Barua yako imefika nikiwa nimekwisha kufunga safu, nikaifungua tena, na nimekujibu kwa simu pia ili usisubiri jarida. Narudia hapa kwa ajili ya wenzako.

Msiuguse. Kama sili zilikuwa za FKM au FFKM, na kwenye mafuta ya moto inaelekea zilikuwa, moto uliopita nyuzi 300 na ushei unazivunja na kutoa haidrojeni floridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrofloriki. Asidi hii haikuunguzi kama nyingine. Inapita kwenye ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, inaifuata kalisiamu ya mwili mpaka kwenye mfupa, na maumivu yanaweza kuja saa nyingi baadaye, wakati madhara yamekwisha kuingia ndani.

Vaeni glavu nene za neopreni au PVC, miwani na kinga ya uso, mikono mirefu. Fungueni mahali penye hewa nyingi. Mwagieni mabaki maji ya chokaa, yaacheni yakae, kisha suuzeni kwa maji mengi. Glavu hizo zitupwe pamoja na matambara, zisirudi kwenye sanduku la vifaa. Kabla ya kuanza hakikisheni jeli ya kalisiamu glukoneti ipo mezani. Mtu akiguswa, aoshwe kwa maji mengi mara moja, apakwe jeli, na apelekwe hospitali papo hapo hata kama anasema hajisikii kitu, na daktari aambiwe jina la asidi. Andikeni jina hilo kwenye karatasi sasa hivi, mliweke mfukoni mwa msimamizi wa zamu.